Maparachichi yaleyale, maabara mbili, majibu mawili. Nani yuko sahihi?

#1 MkulimaWaUwemba

Wakuu, salaam.

Nina ekari tatu za parachichi aina ya Hass hapa Njombe, miti ina miaka sita. Msimu huu kikundi chetu, tupo wakulima 23, kilipata mnunuzi anayepeleka Ulaya. Kabla ya kuchuma, mnunuzi alikuja akachukua matunda akayapeleka maabara kupima masalia ya viuatilifu. Ripoti imerudi: klopirifosi, ambayo ni dawa ya kuua wadudu, 0.014, kikomo 0.01 (miligramu kwa kilo). Mzigo umekataliwa. Mimi peke yangu nina kama tani saba mtini.

Hiyo dawa sijaipiga. Nina daftari, kila bomba nililopiga nimeandika tarehe. Nimepiga kopa, dawa ya ukungu, mara mbili tu msimu mzima. Basi nikachuma matunda mwenyewe, nikapanda basi hadi maabara nyingine, nikalipa zaidi ya laki tatu za mfukoni kwangu. Jibu: "chini ya 0.01". Shamba lilelile, wiki ileile.

Nimewapigia wote. Kila mmoja anasema kipimo chake kiko sawa. Naombeni mwenye ufahamu anieleze inawezekanaje, maana usingizi sina.

#2 BintiMabibo

Pole sana kaka. Nauza matunda Mabibo mwaka wa tisa huu na sijawahi kumwona mtu wa maabara akishika embe langu. Kumbe ya kupeleka nje yanapimwa hadi nukta sifuri sifuri. Haya tunayokula sisi nani anatupimia?

#3 KijanaWaChalinze

Mkuu #1, hapo hakuna sayansi, ni biashara. Bei ya parachichi ikishuka sokoni wanatafuta sababu ya kukataa mzigo. Wakenya walifungiwa maembe yao mwaka 2014 kwa kisingizio hichohicho cha dawa.

#4 KaptenKongowea

#3, hapo umechanganya mambo. Maembe ya Kenya hayakufungiwa kwa sababu ya dawa. Ni Kenya yenyewe iliyosimamisha kupeleka Ulaya mwaka 2014, na sababu ilikuwa nzi wa matunda, funza wakipatikana ndani ya embe. Yalianza kwenda tena 2021.

Kilichotupiga kwa upande wa dawa ni maharage mabichi na njegere za maganda. Kuanzia Januari 2013 Ulaya walikuwa wanapima asilimia 10 ya mizigo yote kutoka kwetu Kenya, na dawa iliyoshikwa ilikuwa dimethoeti. Mjomba wangu Kirinyaga alikuwa mkulima wa mishiri, yaani hayo maharage mabichi. Wanunuzi waliwakimbia wakulima wadogo kwanza, kwa sababu mkulima mdogo hana rekodi. Aling'oa nusu ya shamba akapanda mahindi.

Kwa hivyo ndugu wa Njombe, hilo daftari lako lishike kama hati ya shamba.

#5 Maabara_Kimya

Nafanya kazi hii ya kupima. Sitasema wapi. Kabla sijajibu naomba mambo manne kutoka kwa mleta mada:

Ulipeleka matunda mangapi? Uliyabeba kwenye nini? Ulichuma tarehe ngapi na mnunuzi alichuma tarehe ngapi? Na je, boksi la mnunuzi lilikuwa la shamba lako peke yako?

Wanaosema maabara moja inadanganya wasubiri kwanza. Nimeona majibu mawili ya namna hii na pande zote mbili zikiwa zimefanya kazi yao vizuri.

#6 MkulimaWaUwemba

Asante mkuu. Matunda manne, makubwa makubwa, nilichagua mazuri. Niliyaweka kwenye kiroba cha sembe. Tarehe nimekwenda kuangalia ripoti na inabidi nijisahihishe: si wiki ileile. Mnunuzi alichuma tarehe 3, mimi nilichuma tarehe 12. Katikati mvua ilinyesha siku mbili.

Boksi la mnunuzi walizunguka nalo. Kwangu walichuma, kwa jirani pia. Kwenye ripoti imeandikwa jina la kikundi.

#7 MzeeWaTukuyu

Mwanangu, jibu umeshalipata hapo kwenye sentensi yako ya mwisho. Hiyo 0.014 si yako. Ni ya watu 23.

#8 Maabara_Kimya

Shikamoo mzee. Umeniwahi.

Niweke hesabu. Kwa tunda lenye uzito usiozidi gramu 250, utaratibu wa Codex, yaani kanuni za kimataifa za chakula, unataka sampuli ya angalau kilo moja na matunda yasiyopungua 10. Yakizidi gramu 250, kilo mbili na matunda yasiyopungua matano. Yote yanakatwakatwa na kusagwa pamoja, kisha tunachota gramu 10 tu za kupima. Sasa chukua matunda 10 yenye uzito sawa, tisa hayana chochote, moja lina 0.14. Ukiyasaga pamoja utasoma 0.014. Tunda moja tu limechafua boksi zima.

Na kinyume chake: ukichagua manne mazuri kutoka miti miwili karibu na nyumba, unaweza kulikosa hilo moja kabisa. Matunda ya mti mmoja yenyewe hutofautiana mara kadhaa. La juu lililopigwa na dawa usoni na la ndani lililofichwa na majani si sawa hata siku moja.

Pia "chini ya 0.01" si sifuri. Inaweza kuwa 0.009. Maana yake ni kwamba chini ya hapo maabara haikubali kutaja namba.

#9 KijanaWaChalinze

Sawa, maembe nimekosea, nashukuru Kapten. Lakini turudi kwenye namba. 0.01 ni miligramu kwa kilo, siyo? Nimepiga hesabu: ni gramu moja kwenye tani 100. Gramu moja, malori kumi ya tani kumi kumi! Mtu anakataa tani saba za mkulima kwa ajili hiyo? Sumu gani hiyo? Hapo afya haipo.

#10 Daktari_wa_Mimea

Hesabu yako ni sahihi, hitimisho lako lina walakini. Kweli, 0.01 kwa dawa nyingi si mpaka wa sumu. Ulaya wanaiweka kama kikomo cha jumla pale ambapo dawa haina kikomo chake maalumu, na imewekwa karibu na uwezo wa mashine kuona. Kwa dawa nyingi, kuzidi 0.01 kidogo hakumdhuru mlaji.

Lakini klopirifosi usiitetee. Mwaka 2019 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema haiwezi kutaja kiwango chochote kilicho salama, kwa sababu ya hofu juu ya ubongo wa mtoto anayekua na uharibifu wa vinasaba. Januari 2020 wakaikatalia kibali, na Novemba mwaka huohuo vikomo vikashushwa hadi 0.01. Na 2025 imeingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kuondoa kemikali zinazodumu, ingawa kuna matumizi yaliyoachiwa kwa muda.

Nimezunguka vijijini miaka 14. Nimeona mama amebeba mtoto mgongoni anachanganya hiyo dawa kwa mkono, kifuniko kimoja ndoo moja, povu linapanda hadi kwenye kiwiko. Hayo ndiyo yananiuma kuliko tani saba.

#11 MkulimaWaUwemba

Daktari nakuelewa, na mimi sitaki kumlisha mtu sumu. Ndiyo maana nauliza imetoka wapi. Sijainunua!

#12 MzeeWaTukuyu

Dawa ya mchwa je? Hukumwagia mashina miti ikiwa midogo?

#13 MkulimaWaUwemba

Shikamoo mzee. Mashina hapana, nilitumia majivu. Ila nguzo za banda la kuhifadhia kreti zilipakwa dawa ya mchwa mwaka juzi. Fundi alikuja nayo kwenye chupa ya maji, sijui jina lake. Lakini yale matunda ya sampuli hayakuingia bandani.

#14 JikoLaMamaZai

Naingilia kidogo, samahani. Mimi natengeneza juisi ya parachichi na papai. Ganda natupa. Sasa hao wanapima na ganda au bila ganda? Kama ni ganda tu lina dawa, mimi linanihusu nini?

#15 Maabara_Kimya

Mama Zai, swali zuri. Tunapima na ganda. Na hatuoshi. Tunda linapimwa kama lilivyofika. Ndizi pia na ganda lake, chungwa na ganda lake. Kikomo ni cha kukagua kama mkulima alitumia dawa kwa utaratibu, na wale wanaotathmini afya ya mlaji hufanya hesabu nyingine ya sehemu inayoliwa.

Parachichi lina jambo lake. Kokwa tunalitoa maana halisagiki, lakini kwa utaratibu wa Codex uzito wake unarudishwa kwenye hesabu. Tunda la gramu 200 lenye kokwa la gramu 30: nikisoma 0.014 kwenye nyama na ganda, nikirudisha kokwa inakuwa 0.0119. Maabara ikisahau hatua hiyo inampa mkulima namba kubwa kuliko haki yake. Hapa isingemwokoa mleta mada, bado imezidi. Kama angekuwa na 0.0115 ingemwokoa.

#16 JikoLaMamaZai

Kwa hiyo papai langu je?

#17 Maabara_Kimya

Papai lina mkasa wake. Kuna kundi la dawa za ukungu, mankozebu na ndugu zake, ambazo hazionekani kwenye kipimo cha kawaida cha dawa nyingi kwa pamoja. Zinapimwa peke yake: tunazivunja kwa asidi ya moto, tunapima gesi ya kaboni disalfaidi inayotoka. Sasa papai lina kemikali zake za asili ambazo nazo hutoa gesi hiyohiyo. Kabichi vilevile. Papai ambalo halijawahi kuona bomba linaweza kusoma kama limepigwa mankozebu. Mpimaji asiyejua hilo anamfunga mtu bure.

#18 BintiMabibo

Na nyanya zinazokuja na unga mweupe kama zimepakwa chokaa? Wateja wengine wanazikimbia, wengine wanaziita "za shambani kabisa". Huwa nazifuta na kanga kabla ya kupanga mezani, vidole vinabaki na harufu hadi jioni.

#19 Daktari_wa_Mimea

Huo unga mara nyingi ndiyo hiyo mankozebu. Inakaa juu ya ngozi, kwa hiyo maji yanayotiririka na kusugua kwa mkono yanaondoa sehemu kubwa. Usiifute kavu dada, unaivuta puani. Ila zipo dawa zinazoingia ndani ya mmea. Hizo kunawa hakuzifikii. Kinachozipunguza ni mkulima kungoja siku zilizoandikwa kwenye kibandiko kabla ya kuvuna. Na hapo ndipo tatizo la soko la ndani lilipo: dalali anapiga simu jioni kwamba bei imepanda, asubuhi tenga limejaa, dawa imepigwa juzi.

#20 FundiSimuMoro

Wakuu, kuna kifaa mtandaoni unakichoma kwenye tunda, kinasoma kwenye skrini kama thamometa. Kwa nini tusinunue kimoja kila soko tukamaliza kazi?

#21 Maabara_Kimya

Fundi, vingi vya namna hiyo vinapitisha umeme kidogo kwenye tunda vinakisia naitreti, yaani mambo ya mbolea. Dawa ya wadudu havioni kabisa. Vipo vikaratasi vya kubadilika rangi vinavyoshika dawa za kundi la klopirifosi na dimethoeti, lakini havioni dawa za ukungu, na havishuki hadi 0.01.

Na mashine nazo zina upofu wake. Nanasi lililopigwa ethefoni ili liive, kipimo cha kawaida hakiioni. Inataka njia yake peke yake. Kabaidi ya kuivishia ndizi na maembe ndiyo kabisa, hiyo si kiuatilifu, haimo hata kwenye orodha. Ripoti ikisema "hakuna kilichoonekana", uliza kwanza walitafuta nini. Maabara moja ina orodha ya dawa 80, nyingine 500.

#22 DadaMuscat

Nawasalimu kutoka Oman. Msidhani ni Mzungu tu anayekagua. Mwaka 2017 Falme za Kiarabu zilizuia matikiti na karoti kutoka huku Oman, pilipili za Misri, matufaha ya Lebanoni na matunda yote ya Yemeni, kwa sababu ya masalia ya dawa. Majirani kabisa, lugha moja, dini moja. Wiki ile matikiti yalimwagwa bei ya bure sokoni kwetu, tukala hadi tukachoka, na hakuna aliyejiuliza kwa nini yamebaki.

#23 KijanaWaChalinze

Hapo dada umenigusa. Yaani yaliyokataliwa ndiyo yanarudi kwa wenyeji.

#24 BintiMabibo

Ndicho nilichouliza #2 mkanipita. Maparachichi ya kaka yetu yakikataliwa yanakwenda wapi? Yanakuja kwangu Mabibo. Na nitayauza, maana na mimi nina watoto.

#25 MkulimaWaUwemba

Dada, ni kweli. Dalali ameshapiga simu mara mbili.

#26 KaptenKongowea

Turudi kwenye mada. Maabara_Kimya, tuseme sampuli ni ileile, kilo ileile, imegawanywa katikati. Bado majibu yangeweza kutofautiana?

#27 Maabara_Kimya

Ndiyo Kapten. Na kwa parachichi hasa.

Njia tunayotumia wengi wetu inaitwa QuEChERS, ilitangazwa 2003. Matunda tunayagandisha, tunayasaga na barafu kavu hadi yanakuwa unga wa kijani, baridi inachoma vidole hata ukivaa glavu. Gramu 10 kwenye mrija, mililita 10 za asetonitrili, kimiminika cha kuvuta dawa kutoka kwenye tunda, unatikisa, unaongeza chumvi, inapashwa moto na chumvi hizo hadi mrija unauhisi mkononi, kisha mashine ya kuzungusha inatenga tabaka. Kwa chungwa au nyanya inakwenda vizuri sana. Parachichi lina mafuta, na klopirifosi inapenda mafuta. Sehemu yake inang'ang'ania humo.

Kwa hiyo kila maabara hujipima: inatia kiasi inachokijua kwenye tunda safi, inaona inarudishiwa asilimia ngapi. Inakubalika kati ya 70 na 120. Sasa tuseme ukweli wa tunda ni 0.012. Maabara inayorudisha asilimia 72 itasoma 0.0086, itaandika "chini ya 0.01". Inayorudisha asilimia 118 itasoma 0.014. Zote mbili ziko ndani ya sheria.

Mleta mada, ulizia kama maabara zote mbili zina ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha uwezo wa maabara, na zaidi ya hapo, kama parachichi au matunda ya mafuta yamo kwenye wigo wa ithibati yao. Kuna maabara ina cheti ukutani lakini cheti ni cha nyanya.

#28 Daktari_wa_Mimea

Niongeze moja ambalo wakulima hawaambiwi. Maofisa wa Ulaya wenyewe, wakipima mzigo, hupunguza asilimia 50 ya namba kwa ajili ya mashaka ya kipimo kabla ya kusema umevunja sheria. 0.014 ukipunguza nusu inabaki 0.007. Bandarini pengine ungepita. Ili wakutie hatiani kwa kikomo cha 0.01 inabidi wasome zaidi ya 0.02.

Mnunuzi hatumii kanuni hiyo. Anaogopa, anakata hapohapo kwenye 0.01. Hana kosa kisheria, ni mkataba wake. Lakini mzigo wa mashaka yote umewekwa mgongoni kwa mkulima, na hilo naliona si haki.

#29 MzeeWaTukuyu

Mimi sikubaliani na hesabu zenu zote. Siyo kwamba ni za uongo, ila mnamtafuta nyoka kwenye mashine wakati yuko shambani. Siku tisa na mvua mbili: dawa ya juu ya ganda imepungua. Basi siku ile ya tarehe 3 ilikuwepo. Mtu hapigi dawa asiyonayo. Imetoka kwa jirani. Nani anapakana nawe?

#30 MkulimaWaUwemba

Mashariki ni viazi vya jirani, anapiga kila wiki kwa sababu ya ugonjwa wa baka. Lakini ananiambia anatumia dawa za ukungu tu.

#31 Daktari_wa_Mimea

Anachokiamini na kilichomo chupani vinaweza kuwa vitu viwili. Nimekutana na chupa zenye kibandiko cha dawa moja na ndani mchanganyiko wa nyingine ambayo haikutajwa. Kama aliyefungasha ni tapeli, mkulima hana pua ya kujua.

#32 Maabara_Kimya

Mzee, mvua peke yake sina uhakika nayo. Klopirifosi ikishaingia kwenye nta ya ganda, mvua haiiondoi kirahisi. Jua na siku tisa, sawa. Mimi bado niko kwenye tunda moja kati ya kumi.

#33 KaptenKongowea

Swali dogo. Kikundi kina mabomba mangapi?

#34 MkulimaWaUwemba

Moja la mota, tulinunua kwa pamoja. Linazunguka kwa zamu. Mabomba ya mkono kila mtu ana lake, lakini kopa ya mwezi wa pili nilipiga na la mota.

#35 MzeeWaTukuyu

Na katika watu 23, wangapi wana mahindi au viazi?

#36 MkulimaWaUwemba

Karibu wote, mzee.

Leo jioni nimeongea na mwenyekiti. Kesho tuna kikao saa nne. Napendekeza tujigawe makundi matatu, kila kundi litoe sampuli yake ya matunda 10, ipasuliwe nusu kwa nusu iende maabara zote mbili siku moja. Gharama ni kubwa, wengine wameshaanza kunung'unika kwamba nataka kuwachongea.

#37 BintiMabibo

Kaka, waambie wakileta maneno wasome hapa. Na mimi majibu nayataka, nitawaambia wateja wangu.

#38 Maabara_Kimya

Mpango mzuri. Mifuko mipya, si kiroba cha sembe. Andika alama kwa kalamu isiyofutika nje ya mfuko, piga picha, yafike siku hiyohiyo au yakiwa kwenye barafu.

Na lile bomba la mota msilitumie wala kuliosha, huenda dawa ya mwenzenu imebaki humo. Funga mdomo wa bomba, fungua kichujio taratibu, chukua maji yaliyobaki chini ya tangi kwenye chupa ya kioo safi. Hata nusu glasi inatosha.

#39 MkulimaWaUwemba

Mkuu, nimesoma ujumbe wako nikatoka na tochi. Zamu ya wiki hii bomba liko kwa katibu. Nimemkuta mkewe, anasema amelisuuza asubuhi kwa sabuni mara tatu ili walirudishe safi kikaoni. Limeanikwa juu ya uzio.

Kichujio hajakifungua.